Maziwa ya Kopo: Kiini na Pambo

Mzazi anayeingia katika duka la dawa huko Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kutafuta maziwa ya mtoto mchanga, hukuta makopo ya namna nyingi yamepangwa rafuni. Kopo moja lina namba 1, jingine namba 2. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina DHA. La pili linataja prebiotiki. La tatu, ambalo bei yake ni ya chini, halitaji chochote isipokuwa jina lake na umri wa mtoto. Mzazi hujiuliza: je, hili la bei nafuu lina upungufu? Je, nikilichukua nitakuwa nimemnyima mwanangu akili na afya?

Swali hilo ni la kisayansi, na linaweza kujibiwa kwa elimu-viumbe, kemia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari. Makala haya yanakusudia kueleza kilichomo ndani ya kopo, kutenganisha viungo vya lazima na viungo vya ziada, na kuonyesha ni wapi hasa usalama wa mtoto unapoamuliwa.

Jina moja, vitu vitatu

Kwanza hapana budi kuliangalia jina lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, "maziwa ya kopo" ni jina la vitu vitatu vilivyo mbali kabisa kwa tabia.

Cha kwanza ni maziwa mazito yenye sukari. Haya ni maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa maji na kutiwa sukari nyingi, ambayo huwa zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Cha pili ni maziwa ya unga ya kawaida, yaani maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa, yanayotiwa katika chai na uji. Cha tatu ni maziwa mbadala ya watoto wachanga, ambayo yametengenezwa upya kiwandani ili yakaribiane na maziwa ya mama.

Kati ya vitu hivi vitatu, ni hicho cha tatu tu kinachoweza kumlisha mtoto wa chini ya miezi sita asiyepata maziwa ya mama. Kwa hiyo tofauti kubwa kuliko zote rafuni haiko baina ya kopo lenye DHA na lisilo nayo. Iko baina ya maziwa mbadala ya watoto na maziwa mengine yanayofanana nayo kwa rangi na kwa umbo la kopo.

Maziwa ya mama na maziwa ya ng'ombe

Kila mnyama anyonyeshaye hutoa maziwa yanayolingana na ukuaji wa mwanawe. Ndama hukua upesi na husimama siku ile ile anapozaliwa; mtoto wa binadamu hukua polepole. Tofauti hiyo imo ndani ya maziwa yenyewe. Katika mililita 100 za maziwa ya mama mna protini ipatayo gramu 1. Katika maziwa ya ng'ombe mna zaidi ya gramu 3. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, ni gramu 7 hivi katika maziwa ya mama, lakini haifiki gramu 5 katika ya ng'ombe. Kalisi katika maziwa ya ng'ombe ni takriban mara nne ya ile iliyomo katika maziwa ya mama.

Tena protini zenyewe si za namna moja. Takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini, ambayo huganda tumboni na kuwa mabonge magumu. Katika maziwa ya mama sehemu kubwa ni zile protini laini zinazobaki katika maji ya maziwa baada ya kaseini kuganda.

Protini na chumvi zilizozidi hapana budi zitolewe kwa njia ya mkojo. Figo za mtoto mchanga hazijakomaa. Ili kuzitoa taka hizo huhitaji maji mengi, na mtoto anayeharisha au anayetoka jasho hana maji ya ziada. Aidha, maziwa ya ng'ombe yana madini kidogo mno ya chuma, na kwa watoto wachanga yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo katika utumbo. Ndiyo maana mtoto anayelishwa maziwa hayo mapema mno hupatwa na upungufu wa damu.

Kazi ya kiwanda, basi, ni kuyageuza maziwa ya ng'ombe: kupunguza protini na chumvi, kurekebisha uwiano wa kaseini na protini nyingine, kuongeza laktosi, kuondoa mafuta ya maziwa na kutia mafuta ya mimea, kisha kuongeza chuma, vitamini na madini mengine. Jambo hili si jipya. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitangaza chakula chake cha watoto katika miaka ya 1860, na Henri Nestlé akatengeneza unga wake huko Uswisi mwaka 1867. Chakula cha Liebig kilikuwa mchanganyiko wa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na kimea. Wakati huo vitamini zilikuwa hazijajulikana, na ukamilifu uliodaiwa ulikuwa wa kadiri ya elimu ya siku hizo. Hapo pana funzo linalodumu: kopo haliwezi kuwa na ujuzi kuliko mtengenezaji wake.

Viungo vya lazima

Leo kuna kipimo kinachokubaliwa na mataifa. Tume ya Codex, iliyoundwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO), ilitoa kiwango cha maziwa mbadala ya watoto mwaka 1981 na kukirekebisha mwaka 2007. Kiwango hicho kinataka mililita 100 za maziwa yaliyokorogwa ziwe na nishati ya kilokalori 60 hadi 70. Kwa kila kilokalori 100, protini iwe gramu 1.8 hadi 3.0, na mafuta gramu 4.4 hadi 6.0. Kinaorodhesha pia vitamini na madini yote yanayotakiwa, kuanzia chuma na iodini hadi klorini ya chumvi na vitamini B1, kila kimoja kikiwa na kiwango chake cha chini.

Kopo linalotimiza kiwango hiki, liwe la bei ya juu au ya chini, limebeba lishe ile ile ya msingi. Umuhimu wa orodha hiyo umejulikana kwa gharama kubwa. Mnamo miaka ya 1978 na 1979, huko Marekani, kiwanda kimoja kilipunguza chumvi katika maziwa yake ya soya. Klorini ikapungua mno, na watoto wengi wakapoteza hamu ya kula, wakadumaa, na damu yao ikapungukiwa asidi. Mwaka uliofuata, 1980, nchi hiyo ikatunga sheria maalumu ya maziwa ya watoto. Mwaka 2003, huko Israeli, maziwa ya soya yaliyokosa vitamini B1 yaliuzwa hali lebo yake ikionyesha kwamba vitamini hiyo imo. Watoto kadhaa walifariki, na wengine wakabaki na madhara ya ubongo.

Katika misiba yote miwili, kilichokosekana hakikuwa kiungo cha kifahari kinachotangazwa mbele ya kopo. Kilikuwa chumvi ya kawaida na vitamini ya siku zote, vitu ambavyo hakuna mwuzaji anayeviandika kwa herufi kubwa.

Viungo vya ziada

Sasa vitazamwe vile vinavyotangazwa. Kinachotajwa mara nyingi zaidi ni DHA, aina ya asidi ya mafuta inayopatikana hasa katika samaki na mwani. Ni kweli kwamba ubongo na retina ya jicho vina DHA nyingi. Ni kweli pia kwamba imo katika maziwa ya mama, na kiasi chake huongezeka mama anapokula samaki, wakiwamo dagaa na vibua wauzwao Feri kila alfajiri. Lakini kutoka ukweli huo hadi kudai kwamba DHA iliyotiwa katika kopo humwongezea mtoto akili, kuna hatua kubwa inayohitaji majaribio.

Majaribio yamefanywa. Watoto waliotimiza miezi yao ya kuzaliwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa maziwa yenye asidi hizo na wengine yasiyo nazo. Mapitio ya majaribio hayo yaliyochapishwa mwaka 2017 na kundi la Cochrane yaliona kwamba mengi hayakuonyesha faida katika ukuaji wa akili, na kuhusu uwezo wa kuona matokeo hayakuafikiana. Mwaka 2021, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana zaidi ya 1,700 walioshiriki utotoni katika majaribio ya maziwa yaliyoongezewa virutubishi mbalimbali. Waliangalia mitihani yao ya shule wakiwa na umri wa miaka 11 na 16. Hakuna nyongeza hata moja iliyowapandisha alama. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, umeamuru tangu mwaka 2020 kwamba DHA iwemo katika maziwa yote ya watoto wachanga, kwa hoja kwamba imo katika maziwa ya mama na mwili huihitaji. Kwa hiyo haikatazwi wala haijulikani kuwa sumu. Ila ahadi ya akili haikuthibitishwa.

Kisha kuna prebiotiki, yaani sukari ndefu zisizoyeyushwa na utumbo wa mtoto bali zinazolisha bakteria wema. Maziwa ya mama yana sukari za namna hiyo zaidi ya aina 100, gramu 5 hadi 15 katika kila lita. Kiwanda huweza kuongeza aina moja au chache tu. Mtoto anaweza kupata choo laini zaidi, nayo ni nafuu; lakini kulinganisha nyongeza hiyo na maziwa ya mama ni kama kulinganisha mti mmoja na msitu.

Nyongeza ya tatu ni probiotiki, ambazo ni bakteria hai wenyewe. Hapa pana mgongano unaostahili kuangaliwa kwa makini, nao utaelezwa hapa chini pamoja na suala la maji.

Kuhusu maziwa ambayo protini yake imekatwakatwa kidogo na kusifiwa kuwa huzuia pumu na mzio, mapitio ya mwaka 2018 hayakupata ushahidi wa kutosha. Na mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa madai ya afya yanayoambatana na maziwa ya watoto katika nchi 15. Miongoni mwa bidhaa zenye madai, zaidi ya nusu zilidai kusaidia ubongo, macho au mishipa ya fahamu, na mengi ya madai hayo hayakutajiwa utafiti wowote.

Maji, joto na bakteria

Unga wa maziwa mbadala si safi kwa maana ya kutokuwa na kijidudu hata kimoja. Unaweza kubeba bakteria kama Salmonella na Cronobacter, ambao hustahimili ukavu na huamka wanapopata maji na uvuguvugu. Joto la Dar es Salaam, ambalo mchana hupita sentigredi 30, huwafaa sana. Kwa sababu hiyo WHO na FAO walishauri mwaka 2007 kwamba unga ukorogwe kwa maji yaliyochemka yakiwa bado na joto lisilopungua sentigredi 70, yaani yasikae zaidi ya nusu saa baada ya kuchemka. Kisha maziwa yapozwe upesi na kutumiwa kabla ya saa mbili kupita. Yanayobaki yamwagwe.

Mgongano uliotajwa ni huu. Maji ya sentigredi 70 yanayoua bakteria wabaya huua pia wale bakteria wema waliolipiwa kwa bei ya juu. Kopo likiagiza maji ya uvuguvugu ili probiotiki zisife, limeondoa kinga ya moto. Kati ya faida isiyo na hakika na kinga iliyo wazi, mwenye busara hachelewi kuchagua.

Maji ya jiji nayo hayatabiriki. Dar es Salaam hutegemea zaidi Mto Ruvu. Mwaka 2022 mto ulipopungua kwa ukame, maji yaligawiwa kwa zamu, na watu wengi wakategemea visima na madumu. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka jijini na kuenea nchini. Afrika imekwisha kuona maziwa ya kopo yakikutana na maji machafu: mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa nchini Botswana, mamia ya watoto walifariki kwa kuharisha na utapiamlo, na uchunguzi ulionyesha kwamba watoto wasionyonyeshwa ndio waliokuwa katika hatari kubwa kabisa. Maziwa waliyopewa yalitolewa bure na yalikuwa ya kiwango. Kasoro haikuwa ndani ya kopo.

Hesabu ya kopo

Mtoto wa kilo 5 huhitaji maziwa mililita 150 hivi kwa kila kilo, yaani mililita 750 kwa siku. Kila mililita 100 huhitaji unga wa gramu 13 hivi. Basi kwa siku atatumia gramu 97 au 98, na kopo la gramu 400 litamalizika kwa siku nne. Kwa mwezi ni makopo saba au zaidi.

Sasa ichukuliwe kwamba bei ya kopo lenye nyongeza ni mara moja na nusu ya bei ya kopo la kawaida. Fedha zinazonunua makopo sita ya kawaida zitanunua manne tu ya kifahari. Ifikapo wiki ya tatu fedha huisha, na hapo huanza ile desturi ya kuokoa: vijiko vitatu huwa viwili, kisha kimoja na nusu. Maziwa yaliyokorogwa kwa nusu ya unga yana kilokalori 33 au 34 tu katika mililita 100 badala ya 67. Ili apate kilokalori 500 anazohitaji, mtoto yule ingempasa anywe lita moja na nusu kwa siku, jambo ambalo tumbo lake haliwezi. Hulala akiwa ameshiba maji. Hukosa nishati, protini, chuma na iodini, vitu ambavyo ubongo hauwezi kukua pasipo navyo. Hivyo kopo lililonunuliwa kwa ajili ya akili huishia kuinyima akili chakula. Mtu asikosee pia kwa upande wa pili: unga ukizidishwa, chumvi huzidi na mtoto hukaukiwa maji.

Kuchagua

Kutokana na hayo, uchaguzi huwa mwepesi. Mtoto asiyeweza kupata maziwa ya mama, mathalan aliyefiwa, anunuliwe maziwa mbadala ya namba 1 yaliyosajiliwa, ya bei ambayo jamaa zake wanaweza kuimudu kila wiki bila kupunguza vijiko. Kopo liwe limefungwa kiwandani, tarehe yake haijapita, wala halijabonyea. Unga uliopimwa na kufungwa upya katika mifuko usinunuliwe kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa hakuna anayejua asili yake. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Namba 2 na 3 si za lazima. Baraza la Afya la Dunia lilisema mwaka 1986 kwamba maziwa ya hatua ya pili hayahitajiki. Mtoto akifika miezi sita aanze vyakula vingine, na akitimiza mwaka maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa humfaa. Maziwa ya soya, yasiyo na laktosi au ya wenye mzio yatumiwe kwa ushauri wa daktari. Na kikombe kisafi ni bora kuliko chupa, kwa kuwa huoshwa kwa urahisi.

Yote haya hayapunguzi ukweli kwamba maziwa ya mama huja na kinga za mwili zisizoweza kutiwa katika kopo, tena hayahitaji maji wala moto. Mwaka 1939 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, alisimama Singapore kuishutumu biashara ya maziwa ya kopo kwa vifo vya watoto. Mwezi Mei 1981 Baraza la Afya la Dunia lilipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994 na tena mwaka 2013. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa bila kuchanganyiwa kitu walikuwa asilimia 59 mwaka 2015-16, wakafikia asilimia 64 mwaka 2022.

Waliobaki hawakuacha wote kwa kutojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, na baadaye saa zisizozidi mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini mama lishe na mwuza nguo wa Mtaa wa Kongo hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Wasipofungua biashara hawali. Kwao kukamua maziwa katika chombo kisafi na kuyaacha nyumbani, au kuletewa mtoto sokoni, ni njia zinazofaa kujulikana mapema, maana ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa siku baada ya siku, na kulirudisha ni kazi.

Kazi ya darasa

1. Wanafunzi walete lebo za makopo matupu ya maziwa ya aina mbalimbali. Waandike katika jedwali nishati, protini, mafuta na chuma kwa kila mililita 100, kisha wazilinganishe na kiwango cha Codex.

2. Watafute bei ya kila kopo, na wakokotoe gharama ya kumlisha mtoto wa kilo 5 kwa siku 30. Tofauti ya bei imelipia kiungo gani?

3. Wachemshe lita moja ya maji, waipue, na wapime joto lake kwa kipimajoto kila baada ya dakika tano. Maji huchukua muda gani kushuka chini ya sentigredi 70 yakiwa katika sufuria iliyofunikwa, na yakiwa katika sufuria iliyo wazi?